Doria Iliyotiwa Mizanini

Mwanafunzi mpenzi, uonapo gari la polisi likipita polepole mbele ya nyumba yenu usiku, moyo wako hutulia. Hudhani kwamba mwizi naye ameliona, akaghairi. Dhana hii ni kongwe, na kwa miaka mingi fedha za umma zilitumika kwa kuitegemea. Lakini je, ilipata kupimwa?

Mwaka 1972 polisi wa Kansas City, katika jimbo la Missouri, Marekani, walithubutu kuipima. Mkuu wao alikuwa Clarence Kelley. Wakisaidiwa na wachunguzi wa shirika la Police Foundation, walichagua sehemu 15 za mji, wakazigawa mafungu matatu ya sehemu tano tano. Katika fungu la kwanza doria iliondolewa. Askari waliingia pale tu walipoitwa. Katika la pili iliachwa kama ilivyokuwa desturi. Katika la tatu iliongezwa mara mbili, hata tatu. Jambo hili liliendelea mwaka mzima.

Fikiri hatari yake. Kama dhana ile ilikuwa kweli, wakazi wa fungu la kwanza walikuwa wamewekwa wazi mbele ya wezi.

Taarifa ya George Kelling na wenzake, iliyotolewa mwaka 1974, iliwashangaza wengi. Baina ya mafungu yale haikuonekana tofauti kubwa, si katika uhalifu, wala katika hofu ya watu. Wakazi kwa jumla hawakutambua hata kwamba doria imebadilika.

Je, tuseme polisi hawana faida? Hasha! Kila aliyeita askari aliitikiwa. Kilichopimwa ni kuzunguka bila shabaha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Lawrence Sherman na David Weisburd walichunguza mahali 110 palipozidi maovu katika mji wa Minneapolis. Nusu ya mahali hapo paliongezewa doria, na huko uhalifu ulipungua kwa kiasi.

Wahenga walisema, mgagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli, lakini mvuvi mwerevu hujua kwanza samaki wako wapi. Nawe, kijana, siku utakapokabidhiwa mambo ya watu, usiridhike na lile linaloaminiwa na wote. Litie mizanini kwanza, nawe uwe tayari kuukubali uzito utakaouona.