Mbolea ya Nala, ya Minjingu na urea: taka zake hubaki wapi?

Ukiingia kwenye zizi la ng'ombe alfajiri, ile harufu kali inayochoma pua ni amonia. Ni nitrojeni inayopanda hewani badala ya kwenda shambani. Gesi hiyohiyo ndiyo viwanda vikubwa duniani huitengeneza kwa gharama kubwa ili sisi tupate urea. Tunaanzia zizini kwa sababu tangu kiwanda cha mbolea kijengwe Nala, hapa Dodoma, neno "mbolea rafiki wa mazingira" linasikika kila mahali, na msikilizaji ana haki ya kujua maana yake kabla ya kutoa fedha.

Amonia ya kiwandani hupatikana kwa kuunganisha nitrojeni ya hewani na haidrojeni. Njia hiyo ilibuniwa na Fritz Haber na kupelekwa kiwandani na Carl Bosch huko Ujerumani, mwaka 1913. Inahitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo mkubwa sana. Haidrojeni yenyewe kwa kawaida hutolewa kwenye gesi asilia, na kila tani ya amonia huacha takriban tani mbili za hewa ya ukaa. Hatuilaani urea, bila njia hii watu wengi sana duniani wangekosa chakula. Lakini moshi wake upo, hata kama hauonekani Kongwa wala Bahi.

Hapo ndipo inapoingia kemia ya kijani. Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12. Ya kwanza inasema ni bora kuzuia taka zisitokee kuliko kuzisafisha baadaye. Nyingine zinataka nishati kidogo, na malighafi inayojirudia kama mimea na samadi.

Tanzania ina mfano wake, wa zamani kuliko kanuni hizo. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza miaka ya 1970, kilitumia asidi ya salfa. Mwamba wa fosfati ukimiminiwa asidi hiyo, hutoa asidi ya fosfori, lakini pia hutoa jasi. Kwa kila tani ya fosfati inayopatikana kwa njia hiyo, takriban tani tano za jasi hubaki kama taka. Mgodi wa Minjingu, kando ya Ziwa Manyara, ulianza mwaka 1983 ili kulisha kiwanda hicho. Kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Minjingu ilibaki na mwamba bila kiwanda.

Bahati nzuri mwamba ule ni laini. Umetokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa ziwa la kale, kwa hiyo ukisagwa tu unaweza kutumika shambani. Hakuna asidi, hakuna mlima wa jasi. Kuna masharti mawili, hata hivyo. Mwamba huo una urani kidogo kiasili, kwa hiyo vumbi lake si la kuvuta: funika pua unapolimwaga. La pili ni kubwa zaidi kwa mkulima: mwamba uliosagwa huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu. Kwenye udongo wenye magadi, ambao upo sehemu nyingi za nyanda zetu kavu, utakaa ardhini kama mchanga na fedha yako itakaa nao.

Nala imechukua njia nyingine. Kampuni ya Itracom, yenye asili ya Burundi, huchanganya samadi na virutubisho vya madini kuwa punje, zinazouzwa kwa jina la Fomi. Samadi ni malighafi tuliyonayo tele Ugogoni, na huupa udongo wa kichanga uwezo wa kushika maji. Lakini samadi peke yake ina nitrojeni kidogo. Inayoongezwa kwenye mbolea za aina hii kwa kawaida hutoka viwanda vya amonia kama wengine. Kwa hiyo ni nusu ya safari, na kwetu nusu hiyo ina thamani.

Nusu nyingine iko mikononi mwa mkulima. Urea iliyomwagwa juu ya udongo wenye unyevu juani hugeuka amonia na kuondoka, sawa na ile ya zizini. Ifukie kiasi cha sentimita tano. Samadi nayo irundike kivulini na kuifunika mpaka ioze.

Kabla ya kununua mbolea yoyote ya fosfati, pima udongo. Chota sehemu kumi hivi za shamba, kina cha sentimita 20, ukikwepa kichuguu, njia na mahali palipokuwa na zizi. Changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, kisha chukua kama nusu kilo, andika jina la shamba, umpelekee ofisa ugani wa kata. Kituo cha TARI Mlingano, Tanga, ndicho cha utafiti wa udongo nchini, na ofisa ugani atakueleza kipimo kilicho karibu nawe. Fanya hivyo wakati wa kiangazi, kabla foleni ya msimu haijaanza.