Fungu la Wadogo: Kampuni Ndogo za Marekani katika Utafiti wa Anga na Tiba

Miaka ya 1970 iliwakuta Wamarekani katika wasiwasi ambao hawakuuzoea. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na wakati huohuo magari na vifaa vya elektroniki kutoka Japani vilizidi kujaa madukani mwao. Serikali ilikuwa ikitumia mabilioni ya dola kila mwaka kugharimia utafiti, lakini fedha hizo zilikwenda zaidi kwa vyuo vikuu, maabara za serikali na kampuni kubwa zilizozoea mikataba ya ulinzi na anga. Kampuni ndogo ziliambulia makombo. Si kwamba kulikuwa na njama dhidi yao. Ofisa anayetoa mkataba huona ni rahisi kusimamia mkataba mmoja mkubwa kuliko hamsini midogo, na kampuni yenye jina ikishindwa kazi, aliyeichagua halaumiwi sana.

Mtu aliyelishughulikia tatizo hilo kwa utulivu alikuwa Roland Tibbetts, mtumishi wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi, ijulikanayo kwa kifupi NSF. Kabla ya kuingia serikalini alikuwa amefanya kazi na kampuni ndogo, kwa hiyo alijua zinakwama wapi. Mwenye mtaji binafsi hupenda kuweka fedha katika kitu ambacho kimekwisha kuonyesha dalili ya kufanikiwa, na mgunduzi hawezi kuionyesha dalili hiyo bila fedha. Kila mmoja humsubiri mwenzake, na wazo linakufa katikati. Seneta Edward Kennedy naye alikuwa akiibana NSF itenge sehemu ya fedha zake kwa ajili ya kampuni ndogo, na mwaka 1977 taasisi hiyo ilitangaza mwaliko wa kwanza wa maombi kwa kampuni hizo.

Utaratibu aliouunda Tibbetts ulikuwa na hatua tatu. Katika hatua ya kwanza kampuni hupewa fedha kidogo, za miezi sita hivi, ili ipime kama wazo lake linawezekana. Zinazofanya vizuri huingia hatua ya pili, yenye fedha nyingi zaidi na muda wa miaka miwili hivi, ili zitengeneze kifaa cha majaribio. Hatua ya tatu haina fedha za mpango wenyewe: kampuni hutafuta mwekezaji au mnunuzi. Serikali haichukui hisa, wala hailipwi ikiwa kampuni itatajirika. Jambo hilo liliimarishwa mwaka 1980 na sheria ya maseneta Birch Bayh na Robert Dole, iliyoviruhusu vyuo vikuu na kampuni ndogo kumiliki hataza za uvumbuzi uliopatikana kwa fedha za umma. Bila sheria hiyo, mwekezaji angekuwa na kila sababu ya kusitasita, kwa kuwa asingejua mali ni ya nani.

Kutoka taasisi moja hadi serikali nzima ilikuwa safari yenye ubishi. Seneta Warren Rudman wa New Hampshire alipeleka muswada wa kuzilazimisha idara kubwa zote kutenga fungu la kampuni ndogo. Vyuo vikuu vilipinga, vikihofu kwamba fungu hilo lingekatwa kutoka kwenye utafiti wa msingi, na hofu hiyo ilikuwa na uzito wake. Hata hivyo muswada ulipita, na tarehe 22 Julai 1982 Rais Ronald Reagan akausaini. Kila idara yenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 ilitakiwa kutenga asilimia 0.2 katika mwaka wa kwanza, na kupanda taratibu hadi asilimia 1.25. Mpango ukaitwa kwa herufi SBIR. Shirika la anga, NASA, lilikuwemo, na fedha za utafiti wa afya pia.

Kwa nini wanasiasa waliokuwa wakibishana juu ya kila kitu walikubaliana hapa? Wapo wanaosema ni hofu ya Japani. Wengine wanautaja utafiti wa David Birch wa mwaka 1979, uliodai kwamba kampuni ndogo ndizo zinazozalisha sehemu kubwa ya ajira mpya. Wachumi wa baadaye waliyatilia shaka mahesabu yake, lakini wakati huo yalivuma sana. Wengine tena wanasema wenye biashara ndogo wako katika kila jimbo, na kila mbunge anazihitaji kura zao. Naona hofu ya Japani inaeleza kwa nini jambo lilifanyika wakati ule, na hesabu ya kura inaeleza kwa nini halikupata maadui wengi bungeni. Lakini umbo la sheria lilitokana na kazi ya Tibbetts: wabunge walikuta utaratibu uliokwisha kujaribiwa kwa miaka mitano.

Matunda yake katika anga na tiba yanaonekana vizuri Wisconsin. Watafiti wa huko walitaka kuotesha mimea ndani ya vyombo vya anga, na taa za kawaida hazikufaa, kwa sababu zilikula umeme mwingi na kutoa joto kali mahali finyu. Kampuni ndogo ya Quantum Devices, katika mji mdogo wa Barneveld, ilitengeneza taa za LED zenye rangi ambazo mmea huzihitaji. Oktoba 1995 taa hizo ziliruka na chombo Columbia, zikamulika majani ya viazi mviringo yaliyozaa viazi vidogo angani.

Kisha taa hizo zikapata kazi nyingine, katika tiba. Ipo tiba ya saratani ambamo mgonjwa hupewa dawa inayojikusanya katika uvimbe, na dawa hiyo haifanyi kazi mpaka imulikwe kwa mwanga wa rangi maalumu. Leza zilizotumika zilikuwa ghali na nzito. Kwa fedha za SBIR kutoka kituo cha NASA cha Marshall, Quantum Devices ilitengeneza kifaa chembamba chenye LED, ambacho hakichomi tishu zilizo jirani. Daktari Harry Whelan wa Milwaukee akakitumia kwa majaribio dhidi ya uvimbe wa ubongo, na baadaye akachunguza mwanga wa aina hiyo katika kutibu majeraha, na vidonda vya mdomoni vinavyowatesa wagonjwa waliopandikizwa uboho. Mtu aliyekuwa akihangaika na viazi hakuwaza lolote kati ya hayo.

Mfano wa pili unatoka Florida. Kampuni ya Autonomous Technologies ilipata fedha za mpango huu kwa ajili ya leza ya kupimia mwendo, iliyokusudiwa kusaidia vyombo vya anga kusogeleana na kushikana. Jicho nalo halitulii, hata mgonjwa akijitahidi kulikazia mahali pamoja. Kampuni iliigeuza leza yake ifuatilie jicho mara 4,000 kwa sekunde wakati wa upasuaji wa kurekebisha uoni, na mwaka 1998 mashine hiyo, LADARVision, iliidhinishwa Marekani.

Fungu lilipandishwa mwaka 1992 kuelekea asilimia 2.5, na sheria ya mwaka 2011 ikalisogeza hadi 3.2. Lakini je, fedha hizo zilileta kitu ambacho kisingekuwepo? Mtafiti Josh Lerner, mwaka 1999, alionyesha kwamba kampuni zilizopata ruzuku zilikua haraka kuliko wenzao, lakini katika maeneo yenye wawekezaji wengi tu. Mwaka uliofuata Scott Wallsten alijibu kwamba kampuni zilikuwa zikipunguza fedha zao za utafiti kwa kiasi kilekile zilichopewa. Kulikuwa pia na kampuni zilizoishi kwa ruzuku tu, zikiandika maombi mwaka hadi mwaka bila kuuza chochote. Mwaka 2017 Sabrina Howell alichambua ruzuku za Wizara ya Nishati, akakuta kwamba ile ya hatua ya kwanza ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mwekezaji binafsi. Ruzuku kubwa zaidi, ya hatua ya pili, haikuonyesha faida ya namna hiyo. Kwa ushahidi huo, fedha zilizofanya kazi zaidi ni zile kidogo za miezi sita, ambazo Tibbetts aliziweka mwanzoni kabisa.