Gunia la Arobaini na Moja
Sehemu ya Sita

ILIPOISHIA: Saa nane usiku Fuso limesimama kwenye geti la ushuru, Busunzu. Dereva hataki turubai lifunguliwe.

"Mdogo wangu, maharage tu hayo. Magunia arobaini na moja. Nyanyua geti tuwahi Nyakanazi."

Masika ya 2014 yalikuwa yameigeuza barabara ya Kasulu–Kibondo uji mtupu. Nani husafirisha maharage usiku kama ule? Nilikanyaga tairi, nikapitisha mkono chini ya turubai na kuanza kuhesabu kwa kiganja. Gunia la maharage ukilibonyeza linakubali. Punje zinakimbilia pembeni. Arobaini yalikubali.

La arobaini na moja likagoma. Ndani kulikuwa na kitu kigumu, kirefu, kilichopinda, na harufu ya nyama iliyolala.

Sikuhitaji tochi. Novemba iliyopita redio ilikuwa imetangaza habari za nyumba ya Mikocheni, Dar es Salaam: meno ya tembo 706, yamefichwa kwenye magunia pamoja na vitunguu saumu na makombe ya konokono. Kama mjini vitunguu vilitosha, huku kwetu, pori la Moyowosi likiwa mlangoni, maharage yangeshindwa nini?

Nikashuka. Dereva akanipa mkono kama anayeaga, kiganjani kwangu kikabaki kitita cha wekundu wa Msimbazi.

"Ya chai."

Nikamrudishia. Nisijisifu sana: mkono ulichelewa.

Hakukasirika. Alitoa karatasi mfukoni mwa shati. "Basi soma mwenyewe."

Risiti ya geti langu. Mhuri wangu. Maharage, magunia 41, imelipiwa. Tarehe ya kesho.

Nikakimbilia kibandani, nikafungua sanduku na kuperuzi kitabu hadi namba ile. Ukurasa haukuwepo, wala nakala yake. Nikaimulika sahihi. Ilikuwa yangu, na ule mkia ninaouvuta mwishoni, ila wino ulikuwa umefutikafutika, kama andiko ambalo mkono umelipitia kabla halijakauka. Aandikaye kwa kushoto ndiye huacha alama hiyo. Na aliyenifundisha kuandika, utotoni, alitumia kushoto.

Funguo za sanduku zilikuwa mbili. Mmoja nalala nao shingoni. Wa pili alikuwa nao mlinzi wa geti, Bamkubwa.

Kazi ile nilimwombea mimi. Wakati wa msako wa majangili, Operesheni Tokomeza, Oktoba 2013, askari walimchukua kwa sababu ya gobole la marehemu babu, lililokuwa likila kutu darini. Operesheni ikasitishwa, Desemba mawaziri wanne wakang'oka, wakubwa wa meno wakaendelea kunywa soda zao. Bamkubwa alirudi akiburuta mguu. Hakuwahi kuua hata digidigi.

Nje nikausikia mguu ule ukikokotwa kwenye tope.

"Mwanangu." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayeomba chumvi. "Hayo arobaini watoze ushuru wa halmashauri. Hilo moja liache. Ni langu."

Nikainua tochi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika gobole la babu, lile lililokwenda kituoni kuwa kidhibiti. Kwenye mtutu bado ilining'inia lebo ya polisi.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO