Peptidi C: Habari ya Kipimo cha Insulini ya Mwilini

Tangu Januari 1922, insulini ilipodungwa kwa mara ya kwanza mwilini mwa kijana mgonjwa mjini Toronto, matabibu walikuwa na dawa ya kisukari mikononi mwao, lakini kwa muda wa takriban miaka thelathini hawakuwa na njia ya kujua kama kongosho la mgonjwa aliyekaa mbele yao limekufa kabisa au bado latoa insulini japo kidogo.

Walioukabili mushkili huo kwa subira ya ajabu ni Joseph Bornstein, mtu wa Australia, na R. D. Lawrence wa King's College Hospital, London, tabibu ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari na maisha yake yaliokolewa na insulini mwaka 1923. Waliwachukua panya ambao makongosho yao yameharibiwa kwa dawa, na tezi ya pituitari pamoja na zile zilizo juu ya figo zimeondolewa, hata wakawa wepesi wa kuhisi insulini iliyo haba mno. Kisha wakawadunga maji ya damu ya wagonjwa, wakangoja kuona kama sukari ya panya itashuka. Mwaka 1951 wakatangaza kwamba kuna kisukari cha namna mbili, kimoja damu ina insulini na kingine haina. Kwa maoni yangu kazi hii haijapewa heshima inayoistahili.

Panya wale, hata hivyo, hawakuwa kipimo cha kutumika kila siku. Kipimo hicho kilitoka Bronx, New York, kwa Rosalyn Yalow, mwanafizikia aliyeianzisha maabara yake katika chumba kilichokuwa cha mfagizi, na mwenzake tabibu Solomon Berson. Waliichanganya damu ya mgonjwa na insulini iliyotiwa iodini yenye mnururisho, ili insulini hizo mbili zigombee kingamwili zile zile kama abiria wanaogombea viti vichache. Na kadiri ile yenye mnururisho ilivyokosa nafasi, ndivyo ilivyojulikana kuwa ya mgonjwa ni nyingi. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha fariki.

Hata hivyo, kwa mgonjwa anayejidunga kila siku kipimo hicho hakikufaa, maana hakikuweza kupambanua insulini ya kongosho na ile ya sindano. Tena kingamwili ulizozifanya mwili wake dhidi ya dawa ziliharibu hesabu yote. Basi waliohitaji jawabu zaidi ndio waliolikosa.

Faraja ilitoka Chicago. Mwaka 1967 Donald Steiner, akichunguza vipande vya uvimbe wa kongosho, aligundua kwamba insulini huanza kama uzi mmoja mrefu, ambao hukatwa ukatoa insulini na kipande cha kati, peptidi C. Vyote viwili huingia damuni kwa idadi sawa. Lakini takriban nusu ya insulini huondolewa na ini mara ya kwanza inapopita humo, ilhali peptidi C hupita salama. Na kwa kuwa insulini ya chupani imekwisha safishwa, haina kipande hicho: chochote kinachoonekana damuni ni cha mgonjwa mwenyewe. Kufikia 1970 Steiner na wenzake, akiwemo Arthur Rubenstein aliyetoka Afrika Kusini, walikuwa wamepata njia ya kukipima.

Kwa kipimo hicho ilidhihirika mjini Boston kwamba wako watu waliotumia insulini miaka 50 na zaidi, na makongosho yao bado hayajanyamaza. Na mwaka 2025 uchunguzi uliofanywa Uganda, Kamerun na Afrika Kusini ulionyesha kwamba vijana wengi walioambiwa wana kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mwili wenyewe huliharibu kongosho lake, hawana zile kingamwili dhidi ya kongosho, ambazo ndizo dalili yake ya kawaida. Kwa hiyo, kwa kuwa peptidi C huonyesha kama kongosho bado latoa insulini, nawasihi wenye mamlaka ya hospitali zetu wakifikishe kipimo chake hata mikoani, ili kijana asiandikiwe jina la maradhi kwa kukisia umri na wembamba wake tu.