Saa Iliyokuja Kupima Mamlaka ya Mtu Mbele ya Mashine

Saa yenyewe haikuwa na akrabu: ni nukta ya mwanga tu, iliyokuwa ikimaliza duara moja kwa sekunde 2.56. Benjamin Libet wa San Francisco aliwaketisha watu mbele yake, akawataka wasogeze mkono wakati wowote wapendao, kisha waseme nukta ilikuwa wapi nia ilipowajia. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1983 yalizua ubishi juu ya hiari ya binadamu ambao mpaka leo haujatulia. Kwangu mimi, saa hiyo ina faida kuliko ubishi wake.

Mwaka 2002, jijini London, Patrick Haggard na wenzake waliipa kazi nyingine. Mtu anabonyeza kitufe, na baada ya robo sekunde unasikika mlio. Anayebonyeza kwa hiari yake hudhani amebonyeza baadaye kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa wastani wa milisekunde 15, na mlio huusikia mapema kwa milisekunde 46. Tendo na tokeo vinavutana. Lakini kidole kiliporushwa na sumaku iliyoelekezwa kwenye ubongo, vikaachana. Mvuto huo ukachukuliwa kuwa kipimo cha mtu kujiona ndiye mtendaji, na hakuna aliyeulizwa hilo moja kwa moja. Na afadhali, maana ukimwuliza mtu hivyo atakujibu analodhani unataka kusikia.

Watu wa kompyuta nao waliona faida ya kipimo hicho. Mwaka 2012 David Coyle na wenzake walilinganisha kitufe cha kawaida na kujigusa ngozi ya mkono ili kuiamuru mashine: ngozi ilishinda kwa nguvu ya mvuto. Kisha wakaiacha kompyuta imsaidie mtu kupeleka kishale cha kipanya kwenye shabaha. Msaada mdogo haukuharibu kitu. Ulipozidi, mvuto ukalegea. Mwaka huohuo Bruno Berberian na wenzake, Haggard akiwemo, walipima jambo kama hilo kwa urushaji wa ndege wa kuigiza: kadiri mitambo ilivyojiendesha, ndivyo mvuto ulivyopungua.

Wapo wasiokubali. Marc Buehner anashikilia kwamba kinachovuta nyakati hizo ni kujua kuwa jambo moja limesababisha lingine, si nia ya mtu. Katika jaribio lake la 2012 mashine ndiyo iliyobonyeza kitufe, na bado nyakati zikasogeleana, ingawa si kwa kiasi kile cha mtu anapobonyeza mwenyewe.