McDonald Mariga

McDonald Mariga Wanyama (alizaliwa Nairobi, 1987) ni kiungo mkabaji mstaafu wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, mwana wa Noah Wanyama wa AFC Leopards na kaka yake Victor Wanyama.

Alipitia Uswidi kabla ya kutua Parma, Italia. Inter Milan ikamchukua mwanzoni mwa 2010. Usiku wa 28 Aprili, katika marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona, Inter ikiwa na wachezaji kumi tu Camp Nou, aliingizwa dakika ya 86 kumpokea Samuel Eto'o, na ngome haikuvunjika tena. Barcelona ikashinda 1-0 lakini ikatoka. Ni dakika chache, ila Mkenya gani aliyewahi kuzicheza kabla yake? Fainali aliitazama akiwa benchi, na medali akaivaa.

Baadaye, nchini Hispania, alichezea Real Sociedad na Real Oviedo.