Elimo Njau: Mchoraji wa Marangu aliyewajengea wasanii nyumba Nairobi

MIONGONI mwa Waafrika waliosomea uchoraji katika Chuo cha Makerere miaka ya 1950, ni wachache walioona mapema kuwa kuchora peke yake hakutoshi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mkoani Kilimanjaro, alikuwa mmoja wao. Kwake, picha ilihitaji pia mahali pa kutundikwa, na mwenye mahali hapo ndiye aliyeamua kazi ya nani itazamwe.

Njau alizaliwa mwaka 1932 na kulelewa katika mazingira ya Kanisa la Kilutheri. Mwaka 1952 alijiunga na Makerere, mjini Kampala, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Mwingereza Margaret Trowell. Mama huyo alianza kufundisha mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake, akiwahimiza wanafunzi wachore maisha ya kwao badala ya kuiga picha za Ulaya. Hapo Njau alimkuta Mchaga mwenzake, Sam Ntiro wa Machame, mchoraji na mwalimu ambaye mwaka 1961 aliteuliwa kuwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza.

Kazi iliyomletea Njau sifa ni michoro ya ukutani aliyoichora mwaka 1959 katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ambao wakati huo uliitwa Fort Hall. Kanisa hilo lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, wengi wao kwa kukataa kula kiapo. Kazi ilifanyika huku majeraha yakiwa mabichi, kwani Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 iliondolewa Januari 1960.

Katika michoro hiyo mitano, Njau alionyesha maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa na kubatizwa, Karamu ya Mwisho na Gethsemane, hadi kusulubiwa. Kristo wake ni Mwafrika, na mandhari yanayomzunguka ni ya Afrika Mashariki. Kwa waumini waliozoea picha za Kristo Mzungu zilizoletwa na wamisheni, huo ulikuwa ujumbe mzito: mateso yaliyosimuliwa katika Injili yaliwahusu wao, katika ardhi yao.

Baada ya uhuru wa Kenya, Njau alihusika na sanaa za uchoraji katika kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1963 na mwandishi wa Afrika Kusini, Es'kia Mphahlele. Hata hivyo, kituo hicho kilitegemea fedha za taasisi ya kigeni.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha jumba lao wenyewe, Paa ya Paa. Miongoni mwa waasisi walikuwapo mwandishi Rebeka Njau, aliyekuwa mkewe, mshairi Jonathan Kariara, mwanasheria Pheroze Nowrojee na mwanahabari Hilary Ng'weno. Katika mji ambao biashara ya sanaa ilikuwa mikononi mwa Wazungu, hilo lilikuwa jambo la kijasiri.

Jina hilo linachezea neno moja lenye maana mbili: paa mnyama, na kupaa juu. Katika maduka ya Nairobi, paa wa mti walichongwa kwa mamia, wote wakifanana, ili wauziwe watalii. Paa ya Paa ilimtaka mnyama huyo ainuke kutoka rafu ya duka na kuwa sanaa. Njau mwenyewe alijulikana kwa kauli yake kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi.

Jumba hilo lilianzia katikati ya mji, katika Mtaa wa Sadler. Lilikuwa mahali pa maonyesho, usomaji wa mashairi, maigizo na mijadala. Aidha, Njau hakuisahau Marangu. Katika miaka ya 1960 alianzisha huko Kibo Art Gallery, akiamini kuwa mwanakijiji naye anastahili kutazama picha bila kusafiri hadi mjini.

Baadaye Paa ya Paa ilihamia Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu. Huko, mwaka 1997, moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi za sanaa, vitabu na kumbukumbu zilizokusanywa kwa miaka zaidi ya 30. Njau na mkewe Phillda Ragland Njau, Mmarekani, walianza upya, wakikarabati majengo na kuendelea kupokea wasanii na watoto waliokuja kujifunza.

Hasara hiyo haikuwa ya familia moja tu. Historia ya wasanii wa nchi kadhaa ilikuwa imehifadhiwa na watu binafsi, kwa juhudi na fedha zao, bila jumba la taifa lenye nakala wala akiba. Michoro ya Murang'a ilinusurika kwa kuwa ilikuwa na kuta za kanisa na waumini wa kuitunza. Mengi yaliyokuwa Ridgeways hayakuwa na mlinzi mwingine zaidi ya mwenye nyumba.